Tamasha la mashabiki wa anime Lubumbashi: mwongozo kamili wa kujiandaa kuanzia wiki sita kabla

Watu wengi wakisikia kuna tamasha la mashabiki wa anime, yaani katuni za Kijapani, na hadithi za kisayansi hapa Lubumbashi, wanauliza tarehe na bei ya tiketi. Mimi huwauliza: utakuja na nini mkononi? Tamasha la namna hii halijengwi na waandaaji peke yao. Linajengwa na kile ambacho kila mmoja amekishona, amekichora, amekisuka au amekisoma kabla ya kufika mlangoni. Ukija mikono mitupu utakaribishwa, lakini saa nane mchana utakuwa umeegemea ukuta ukichezea simu, wakati mwenye upanga wa sponji aliojichongea mwenyewe amezungukwa na watu wanaomuuliza ameufanyaje.

Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Julai 1939, mjini New York, mashabiki wa hadithi za kisayansi wapatao 200 walikutana katika kongamano lao la kwanza la dunia. Wawili kati yao, Forrest Ackerman na Myrtle Douglas, walifika wamevaa mavazi ya watu wa siku zijazo, na aliyeyashona yote mawili ni Myrtle. Neno kosplei, yaani kujivalisha kama mhusika wa hadithi, lilikuja baadaye sana, mwanzoni mwa miaka ya 1980, likitoka kwa Nobuyuki Takahashi wa Japani. Kabla halijapata jina, jambo lenyewe lilikuwa kitambaa, sindano na mwanamke aliyejua kushona. Na mji huu, kuanzia mtaa wa Kenya hadi Katuba na Ruashi, haujawahi kukosa mafundi wa kushona.

Wiki sita kabla: mhusika, na ruhusa ya nyumbani

Chagua mhusika unayempenda kiasi kwamba unaweza kumzungumzia saa mbili bila kuchoka, maana hicho ndicho utakachoulizwa. Kisha jiulize kama vazi lake litakuruhusu kukaa, kupanda ngazi na kwenda chooni bila kuita watu watatu wakusaidie.

Jambo la tatu ni la mji wetu hasa: mavazi yanayofanana na ya jeshi au polisi, yaache. Nguo ya madoadoa ya kijani inaweza kukuletea matatizo makubwa njiani, hata kama kwenye hadithi yako ni ya askari wa sayari nyingine. Kama mhusika ni mwanajeshi, badilisha rangi iwe ya kitenge au ya buluu moja kwa moja, na ueleze kwamba ni tafsiri yako. Mashabiki wanaheshimu tafsiri.

Vijana wengi huniuliza kwa sauti ya chini kama mtu mweusi anaweza kumvaa mhusika wa Kijapani. Anaweza, na ngozi yake asiiguse. Usijipake poda ya kukufanya mweupe, usitafute krimu. Anayekutambulisha kuwa ni mhusika fulani ni mkao wako, nywele, umbo la koti na namna unavyoshika upanga.

Kuhusu wazazi, usifiche. Katika nyumba nyingi za hapa, katuni yenye pepo au macho mekundu inahesabiwa kuwa mlango wa uchawi, na mzazi anayekutana na kinyago kitandani kwako bila maelezo ataogopa kwa haki. Mketishe mama au papa, mwonyeshe kipande kifupi cha hadithi, hasa pale mhusika anapomlinda mdogo wake au anapomzika mwalimu wake. Mwambie tamasha liko wapi, linaanza na kwisha saa ngapi, unakwenda na nani. Nimeona mama mmoja aliyekataa kabisa, kisha akabadili mawazo aliposikia kwamba kijana wake ndiye atakayeshona kola mwenyewe. Siku ile alikuja kumchukua, akabaki saa nzima akiangalia michoro.

Wiki tano: nywele za meshi

Hapa tuna bahati ambayo mashabiki wa nchi nyingi hawana. Wigi za anime zinaagizwa kutoka mbali, zinachelewa, na zikifika hazikai vizuri kichwani. Sisi tuna meshi, zile nywele za bandia za kusukia, kila kona ya soko, za rangi zote, na tuna wasusi. Tena nyuzi za meshi nyingi ni Kanekalon, ambazo kampuni ya Kaneka ya Japani ilianza kuzitengeneza mwaka 1957. Kwa hiyo nywele za mhusika wako wa Kijapani zinasukwa kwa nyuzi zilizozaliwa Japani, ambazo zimepita kwanza vichwani mwa mama na dada zetu.

Nenda kwa msusi unayemfahamu, siku ambayo hana wateja wengi. Mimi nilipoweka mbele ya mama msusi wetu pakiti tano za buluu, aliziangalia akauliza: "Mwana yangu, hii meshi ya bulu unaipeleka wapi?" Nilimwonyesha picha kwenye simu. Akaikuza kwa vidole viwili, akaitazama kisogo cha mhusika kwa muda mrefu, akasema hapa nywele zinatoka chini kwenda juu, kwa hiyo tutaanza shingoni. Sikuwa nimeliona hilo. Yeye aliliona kwa sababu kazi yake ni kuangalia nywele zinaota kuelekea wapi.

Utaratibu ni huu. Tafuta kofia ya wavu, ile inayovaliwa chini ya wigi, na uivalishe kwenye kibuyu au mpira wa miguu uliofungwa mfuko wa plastiki, ukubwa ukaribie kichwa chako. Kabla ya kusuka, lowesha meshi katika maji yenye siki kidogo mpaka uone utando mweupe ukielea, kisha suuza na uanike. Utando huo ndio unaowasha kichwa, na utaivaa wigi hiyo siku nzima. Kwa sindano ya kroshe pitisha mafungu madogo kwenye matundu ya kofia, ukianzia shingoni na kupanda. Kwa nywele fupi zilizosimama, pakiti nne au tano zinatosha. Kwa ndefu za mgongoni, nunua zaidi na zote siku moja, kwa sababu buluu ya wiki hii na buluu ya wiki ijayo si lazima zilingane.

Miiba ya nywele ndiyo inayowashinda wengi. Shika fungu, lichane kinyume kuanzia katikati kurudi kwenye mzizi mpaka lijikusanye kama pamba, kisha laza nyuzi za juu ziwe laini. Pulizia dawa ya kushikisha nywele, vidole vikiwa bado vimebana ncha, ukahesabu hadi 60. Ncha ikiwa inakataa kuchongoka, chovya kidogo katika maji ya moto yaliyotoka kuchemka na kutulia, uivute iwe sawa, uiache ipoe hivyo hivyo. Nyuzi hizi hushika umbo zinapopoa. Pasi ya nywele iwe kwenye moto wa chini kabisa, na ijaribu kwanza kwenye nyuzi mbili tatu za akiba. Nyuzi za plastiki haziungui kama nywele, zinayeyuka, na zikishayeyuka hakuna cha kuokoa.

Lipa msusi bei ya kazi, si bei ya udugu. Kisha mwalike.

Wiki nne: silaha na mavazi ya chuma yasiyo ya chuma

Malighafi bora ni sponji ngumu ya yale mazulia ya watoto yanayoshikana kama fumbo, au mikeka ya kufanyia mazoezi. Unene wa milimita 10 unafaa kwa kifua na mabega, milimita 5 kwa mikono. Usikate kabla ya kupima. Jivalishe fulana ya zamani, mtu akuzungushie plastiki ya jikoni kwenye bega au kifua, kisha juu yake utepe wa kunata mpaka uwe kama ganda. Chora juu yake mistari ya vazi, ulikate ganda hilo kwa uangalifu, ulilaze mezani. Hicho ndicho kiolezo chako, na kina umbo la mwili wako, si la mtu wa kwenye intaneti.

Kisu kiwe kikali, na ubadilishe wembe mara kwa mara. Wembe butu unararua sponji. Ili kuipinda, ishike juu ya mbabula, yaani jiko la mkaa, yenye makaa yaliyokolea, mbali kiasi cha shubiri mbili, ukiisogeza daima, mpaka ilegee. Ilaze juu ya sufuria ya mviringo unaoutaka, ushikilie mpaka ipoe. Fanya kazi hii nje, uwanjani, watoto wakiwa mbali, na isiguse makaa hata kidogo: moshi wa sponji inayoungua ni sumu.

Gundi ya kutumia ni ile ya washona viatu. Pake pande zote mbili, subiri kama dakika 10 mpaka isishike kidole, ndipo ubane. Wengi hubana ikiwa mbichi. Mimi mwaka wa kwanza niliunganisha bega la kushoto usiku wa kuamkia tamasha, kwa haraka, na saa saba jua likiwa utosini gundi ikalainika, bega likabanduka mbele ya mlango. Niliomba pini kwa dada mmoja nisiyemjua, na tumekuwa marafiki tangu hapo, lakini vazi lile sikulipandisha jukwaani. Tangu siku ile, kila kiungo kinachobeba uzito nakipitishia pia uzi au mkanda. Gundi ishike umbo, mkanda ubebe mzigo.

Kabla ya rangi, pake gundi ya mbao iliyochanganywa na maji, mara tatu, kila tabaka likikauka, ili matundu ya sponji yazibike. La sivyo itakunywa kopo zima la rangi na kubaki na mabaka. Kama umetumia ile sponji nyeupe ya kufungia televisheni, jaribu kwanza rangi ya kupulizia kwenye kipande cha akiba, kwa sababu nyingi zinaitafuna.

Na kwa kuwa tuko Lubumbashi: nembo ya kifuani au ya kwenye ngao iwe shaba halisi. Mafundi wanaogonga picha za shaba wanaweza kukugongea bamba dogo ukiwaletea mchoro wenye ukubwa kamili. Dogo, nasisitiza. Shaba ina uzito karibu mara tisa ya maji, na shingo yako ndiyo itakayoubeba. Bamba la ukubwa wa kiganja juu ya sponji iliyopakwa rangi hufanya vazi zima lionekane la madini, na hilo huwezi kuliona Paris wala Tokyo.

Upanga au bunduki ya hadithi iwe wazi kwamba ni ya kuchezea: rangi za kung'aa, hakuna chuma, hakuna ncha. Njiani isafiri ndani ya mfuko, imefungwa.

Wiki ya mwisho

Vaa kila kitu nyumbani kwa saa tatu mfululizo. Keti, inama, kunywa maji, panda ngazi. Palipokuchubua leo ndipo patakapokutoa damu siku yenyewe. Tamasha nyingi hupangwa likizo kubwa, na Agosti asubuhi hapa kuna baridi lakini mchana chini ya sponji ni tanuri. Septemba na Oktoba joto ni zaidi. Vaa fulana nyembamba ya pamba chini ya vazi.

Chaji simu na betri ya akiba siku mbili kabla, si usiku wa mwisho, kwa sababu umeme ukikatika usiku huo hutakuwa na la kufanya. Pakua tiketi na ramani zibaki kwenye simu.

Pesa: kwanza weka kando nauli ya kurudi, kwa kuwa usiku ukiwa na vazi huwezi kupanda pikipiki, utahitaji taksi. Kisha chukua faranga ndogo ndogo kwa chakula na michoro. Dola ukiwa nazo ziwe safi; hata mchaniko wa ukucha mmoja zitakataliwa. Pesa za simu ni akiba nzuri, ila mtandao ukumbini hulemewa.

Begi la matengenezo: sindano na uzi wa rangi mbili, pini kubwa, gundi ya haraka, utepe wa kunata, mkasi, plasta ya jeraha, dawa ya nywele. Hata kama wewe hutalihitaji, mtu atalihitaji. Lenzi za rangi za kuweka machoni usinunue sokoni wala usiazime. Zinaweza kuleta kidonda cha jicho, na hakuna mhusika anayestahili hilo.

Siku yenyewe

Kula chakula kizito asubuhi, kwa maana ukishafunga kifua cha sponji hutakula vizuri tena. Katikati ya siku mikate na karanga zinatosha. Beba vazi ndani ya mifuko, ukavalie huko. Kinyago usikivae mtaani.

Ukifika, zunguka ukumbi mzima mara moja bila kusimama. Tazama jukwaa liko wapi, chumba cha filamu, meza za michezo ya video, safu ya wachoraji, vyoo, na mlango wa pili. Andikisha jina la mashindano ya mavazi mapema, orodha hujaa. Baada ya hapo anza na wachoraji, wakati bado wana nafasi ya kuzungumza.

Hao ndio ninaowaombea muda wako zaidi. Huu ni mji wa Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi nzima katika picha zaidi ya 100 miaka ya 1970, moja ikifuata nyingine. Kijana aliyeketi na karatasi zake za A4 na kalamu nyeusi anatembea katika njia hiyo, hata kama anachora maroboti. Uliza amechora kwa muda gani, anatumia wino gani. Usipige naye bei kama ya nyanya. Kama pesa hazitoshi, nunua dogo, au chukua namba yake. Beba kadibodi mbili ngumu za kuwekea michoro katikati isikunjike.

Picha: omba kwanza, kila mara, kwa kila mtu. Vazi si ruhusa ya kumgusa mtu, kumshika kiuno wala kumpiga picha kutoka nyuma. Watoto, omba kwa mzazi. Ukiona mtu anamsumbua msichana aliyevaa vazi, nenda ukasimame karibu naye na umsalimie kama rafiki wa siku nyingi, kisha waambie waandaaji. Nje ya ukumbi, kamera iwe mfukoni mbele ya askari na majengo ya serikali.

Kama hujui kuanza mazungumzo na mtu usiyemjua, muulize sehemu ipi ya vazi lake ilimsumbua zaidi. Sijawahi kuona swali hilo likikosa jibu refu. Na usimsimulie mtu mwisho wa hadithi kabla hujamuuliza amefikia wapi. Wengi wetu tunaangalia kwa vipande, kadiri megabaiti zinavyoruhusu.

Pakiwa na karaoke, imba. Kijapani kina irabu tano kama Kiswahili, na silabi zake karibu zote huishia kwa irabu. Soma maneno yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini kama unavyosoma Kiswahili, na utakuwa karibu na matamshi sahihi kuliko wanavyoweza wasemaji wengi wa Kifaransa.

Jukwaani

Majaji kwa kawaida huangalia kazi ya mikono, kufanana na mhusika, na uigizaji. Waletee picha ya mhusika iliyochapishwa, mbele na nyuma, pamoja na picha za hatua za kazi yako, kuanzia ganda la utepe hadi rangi. Sema wazi nani alikusaidia: taja msusi, taja fundi. Jaji mzuri hapunguzi alama kwa ukweli.

Tayarisha onyesho la dakika moja. Sekunde 15 za mwanzo simama tu, umbo la mhusika lionekane, kisha tendo moja kubwa, kisha toka. Muziki uwe kwenye flashi na kwenye simu pia, na jizoeze mara kumi bila muziki kabisa, kwa ajili ya umeme. Nilimwona binti mmoja ambaye spika zilizimika alipoinua upanga. Aliendelea kimya, akipiga mguu kwenye mbao kama ngoma, na ukumbi ukaanza kupiga makofi kumfuata mdundo. Alikuwa amejizoeza.

Ukitaka kwenda mbali zaidi

Comic Con Africa, tamasha kubwa la mashabiki, hufanyika Johannesburg tangu 2018, mara nyingi mwishoni mwa Agosti au mwezi Septemba. Anza na pasipoti na viza miezi mingi kabla, na usisahau kadi ya njano ya chanjo. Ukipita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa basi, vazi liwe limefunguliwa vipande, na kila kipande kiwe rahisi kuonyeshwa forodhani pamoja na picha ya mhusika. Kwa ndege, upanga wa sponji uende kwenye mzigo wa chini, usiuingize ndani ya ndege.

Usiku wa kurudi

Vua wigi kwanza, uirudishe kwenye kibuyu chake, uchane kwa vidole tu. Kesho yake ioshe kwa maji baridi na sabuni kidogo, uanike kivulini. Sponji ifute jasho kwa kitambaa chenye maji, iache ikauke siku nzima kabla ya kuihifadhi, isilazwe chini ya mzigo wala juani, la sivyo itapinda upya. Bamba la shaba lipanguse kwa kipande cha limau na chumvi, ulisuuze, ulikaushe. Kisha tuma picha kwa msusi kabla hujalala, maana atakuwa anazisubiri.